Kisu cha Kwenye Funguo: Uchambuzi wa Chombo Kidogo na Vigezo vya Kukichagua

Kisu kidogo cha kukunja kinachofungwa kwenye pete ya funguo huhukumiwa na mnunuzi kwa kigezo kisichokifaa, kwa kuwa macho yake huvutwa na idadi ya zana zilizopangwa ndani ya mpini, akasahau kwamba chombo hicho kitaning'inia, kitagongana na funguo na kuchubua mfuko wa suruali kwa saa kumi na tano au kumi na sita za kila siku, ilhali kitafanya kazi kwa dakika mbili au tatu tu, na siku nyingine hakitafanya kazi kabisa. Muuzaji naye huuchochea upotofu huo kwa kuandika hesabu ya zana kwenye boksi kwa tarakimu kubwa, akihesabu hata pete ya kufungia funguo kuwa zana kamili. Uchambuzi huu unashika njia ya kinyume: unachukulia kwamba kisu cha funguo hupimwa kwanza kwa saa ambazo hakitumiki, na kwamba uzito wake, kazi ambazo mwenyewe huzikuta kweli katika siku yake, na sheria za mahali anapopita, vikishapimwa, humaliza sehemu kubwa ya ubishi kabla bei na jina la kiwanda havijatajwa.

Yafaa kwanza kutenganisha aina mbili ambazo madukani huwekwa kapu moja. Ya kwanza ni kisu cha kukunja chenyewe, yaani kisu ambacho bapa lake, sehemu yenye makali, huzunguka kwenye pini na kulala ndani ya mpini, pengine likiwa na wenzake wachache kama mkasi na tupa ya kucha. Ya pili ni ile inayoweza kuitwa zana mseto, ambayo uti wake ni koleo au mkasi wenye mishikio miwili inayokunjika, na ndani ya mishikio hiyo mmefichwa bisibisi, kifungua chupa, tupa na bapa dogo. Tofauti hii ina uzito katika uchaguzi, kwa sababu katika aina ya kwanza kila zana ni mgeni anayelala peke yake na huamshwa peke yake, ilhali katika aina ya pili zana kuu ndiyo mwenye nyumba na nyingine zote ni wapangaji, hivyo anayenunua zana mseto ya koleo bila kuwa na kazi ya koleo hulipia na kubeba nyumba asiyoikalia.

Asili ya kisu kidogo cha mfukoni ni meza ya mwandishi. Katika Ulaya ya kalamu za unyoya, unyoya ulibutuka kila baada ya kurasa chache na ulihitaji kuchongwa upya, na hadi leo jina la kisu cha mfukoni katika Kiingereza linabeba kumbukumbu ya kalamu. Waandishi wa hati za Kiarabu nao walichonga kalamu zao za tete kwa kisu kidogo chenye makali, na neno lenyewe la Kiswahili, kalamu, lilifika pwani kupitia Kiarabu kutoka kwa Kigiriki, ambako maana yake ni tete. Kwa hiyo kisu kidogo kilianza kama chombo cha watu wa wino kabla ya kuwa chombo cha askari na mpiga kambi, jambo ambalo watengenezaji wa leo wangefanya vyema kulikumbuka wanapokipamba kwa rangi za kijeshi.

Hatua iliyokipa chombo hiki sura yake ya sasa ilifanyika Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana ya visu huko Ibach, katika jimbo la Schwyz, mwaka 1884, na mwaka 1891 akashiriki kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya kwanza vya askari vilivyotengenezwa Uswisi kwenyewe. Kisu hicho cha askari kilikuwa kizito, na Elsener akabuni kingine chepesi zaidi, cha maofisa, ambacho alikisajili kisheria mwaka 1897. Siri ya ubunifu wake ilikuwa springi: badala ya kila zana kuwa na springi yake, springi moja ya mgongoni ilizishikilia zana zilizo upande mmoja wa mpini na zilizo upande wa pili kwa pamoja, hivyo zana ziliongezeka bila mpini kunenepa kwa kiasi hicho hicho. Mama yake alipofariki mwaka 1909 aliipa biashara jina lake, Victoria, na chuma kisichopata kutu kilipoingia kiwandani mwaka 1921, neno la kukitambulisha chuma hicho, inox, likaungwa kwenye jina la mama na kuzaa Victorinox.

Tawi la pili lilichipuka Marekani kutokana na upungufu wa tawi la kwanza. Tim Leatherman, mhandisi wa Portland, Oregon, alizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati mwaka 1975 na gari kuukuu la Fiat, akiwa na kisu cha mfukoni ambacho kilikata vizuri lakini hakikuweza kushika na kukaza chochote, na gari lile pamoja na mabomba yaliyovuja ya hoteli za bei nafuu vilimkumbusha kila mara kwamba alichokosa ni koleo. Alihangaika miaka kadhaa kutafuta mnunuzi wa wazo lake, na kampuni aliyoianzisha na rafiki yake Steve Berliner ikaanza kuuza mwaka 1983. Kifaa kile cha kwanza kilikuwa kikubwa mno kwa pete ya funguo. Ndugu yake mdogo, Micra, aliyejengwa juu ya mkasi badala ya koleo, alitokea mwaka 1996. Washindani wao, Gerber, walianza katika mji huo huo wa Portland mwaka 1939, na mwaka 2012 walitoa Dime, koleo dogo kabisa la funguo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba ubishi wa wapenzi wa zana mseto duniani kote ni ubishi wa majirani wa mji mmoja.

Katika soko la leo, vipimo vinavyofaa kulinganishwa ni vichache. Kisu cha Victorinox kiitwacho Classic SD kina urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa na uzito wa karibu gramu 21, ambao ni sawa na vijiko vitano vidogo vya sukari. Ndani yake mna bapa fupi lisilofika sentimita nne, mkasi, tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi, kibano cha kung'olea miiba na kijiti cha meno. Rambler, wa ukubwa huo huo ila mnene zaidi, huongeza kifungua chupa na bisibisi ya nyota, akafikia karibu gramu 30. Micra ana sentimita 6.5 na gramu 51, na Dime hufika gramu 62. Mtu akiitazama safu hii juu juu ataona kwamba tofauti kati ya mwepesi na mzito ni gramu 40 hivi, akaipuuza. Lakini gramu hizo hazibebwi mkononi, hubebwa na pete ya funguo, na pete ya funguo haiko peke yake.

Mfano wa hatari ya pete nzito ulitokea katika historia ya magari. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita yarudi kukarabatiwa magari yapatayo milioni 2.6, Chevrolet Cobalt yakiwamo, kwa sababu swichi ya kuwashia injini ilikuwa legevu kiasi kwamba uzito wa funguo, gari likipita kwenye shimo au likitikiswa, uliweza kuuzungusha ufunguo, injini ikazima na mifuko ya hewa ya kujikinga ikakosa umeme. Mfuko wa fidia uliofuata ulikubali madai ya vifo 124. Kosa lilikuwa la swichi, wala haliwezi kubebeshwa kishikio cha funguo. Hata hivyo ushauri wa kwanza ambao kampuni iliwapa wenye magari ulikuwa kuondoa kila kitu kwenye pete na kuacha ufunguo peke yake. Si kila gari lina udhaifu huo, lakini barabara zenye mashimo na matuta ziko nyingi Afrika Mashariki, magari mengi yameingia nchini yakiwa yametumika tayari, na silinda ya ufunguo iliyochakaa haihitaji kuongezewa mzigo unaocheza kama kengele ya shingoni mwa ng'ombe. Kwenye pikipiki, pete nzito hupiga na kukwaruza rangi siku nzima, na mwenye bodaboda hulijua jambo hilo kabla ya kuambiwa.

Kutokana na hayo, hoja ya namna ya kufungia ina uzito unaokaribia ule wa chombo chenyewe, ingawa husahauliwa na wanunuzi na waandishi pia. Pete ya kawaida ya waya uliojikunja mara mbili ni imara, lakini huvunja kucha kila mtu anapotaka kuchomoa kitu, na matokeo yake ni kwamba kisu hubaki pamoja na funguo hata pale ambapo funguo ziko kazini: injini inaunguruma, ufunguo uko mahali pake, na kisu kinachohitajika kufungulia kifurushi kimefungwa papo hapo. Ndoano ndogo yenye ulimi wa springi, inayofunguka kwa kidole kimoja, huutatua ugumu huo wa kwanza na pia ule wa uwanja wa ndege utakaojadiliwa mbele. Inagharimu kidogo, na pengine ndiyo nyongeza yenye faida kubwa kuliko zote.

Baada ya uzito huja kazi, na hapa swali lenye tija ni la kinyume: kisu hiki kitachukua nafasi ya nini? Mtu asiye na kisu hakai bila kufungua vitu. Hutumia meno kwenye pakiti ya maziwa na ya viungo, hutumia ncha ya ufunguo kuchana gundi ya boksi, hutumia sarafu kukaza skrubu, huvuta uzi wa pindo la nguo kwa kucha hadi pindo lote likafumuka, na hufungua soda kwa chupa nyingine au kwa ukingo wa meza. Kila mojawapo ya kazi hizo hulipiwa kwa jino lililokatika, ufunguo uliopinda au pindo lililoharibika. Mnunuzi akizihesabu kazi zake za wiki moja kwa namna hii atagundua kwamba nyingi ni ndogo mno, za kukata kitu chembamba kinachoshikwa kwa mkono wa pili, na ugunduzi huo humpeleka kwenye mkasi.

Mkasi ndio moyo wa chombo cha funguo, na bapa la kisu ni msaidizi wake. Hukumu hii huwaudhi wapenzi wa visu, lakini sababu zake ni za kimakanika. Bapa hukata kwa kuvutwa juu ya kitu kilichokazwa au kilichoegemezwa mahali, na bila mvutano au kiegemeo uzi hukwepa, karatasi hujikunja na plasta huvutika. Mkasi huja na kiegemeo chake, kwa kuwa makali yake mawili hukibana kitu na kukikata papo hapo hewani, hivyo hukata uzi, lebo ya nguo, bandeji, kucha iliyoraruka na kona ya pakiti bila kuhitaji meza. Zaidi ya hayo, mkasi una adabu: mwalimu anayetoa mkasi wa sentimita tatu mbele ya darasa hamshtui mtu, na karani anayekata uzi wa bahasha dirishani haangaliwi mara mbili, ilhali bapa, hata likiwa dogo kama jani la mchai, hubadilisha hewa ya chumba.

Hilo halina maana kwamba bapa halihitajiki. Boksi lililozungushiwa gundi, kamba ya katani, kamba ya plastiki ya kukazia nyaya na ganda la chungwa ni kazi ambazo mkasi mdogo huzifanya kwa taabu au hauzifanyi kabisa. Ila bapa la chini ya sentimita nne lina mipaka ambayo mnunuzi aikubali mapema: litamenya chungwa, halitapasua embe, na halifai kukatia chakula baada ya kukatia gundi ya boksi isipokuwa limeoshwa, pamoja na bawaba yake, yaani kiungo linapozungukia, ambamo utomvu wa tunda na vumbi la mfukoni hukutana na kugeuka ulimbo.

Kifungua chupa ni zana ambayo mwandishi wa Ulaya au Marekani huitaja kwa mzaha, kama zana ya sherehe, lakini katika miji ya Afrika Mashariki, ambako soda ya chupa ya kioo bado inauzwa dukani na kwenye kibanda na opena ya muuza duka hufungwa kwa kamba ili isitembee, ni zana ya kila siku. Classic SD haina kifungua chupa, na huo ndio upungufu wake wa kweli kwa mtumiaji wa huku. Rambler, Micra na Dime wanacho, ingawa cha Dime hujitokeza nje hata chombo kikiwa kimekunjwa, na ndicho kinachotangulia kuguswa mkono unapoingia mfukoni.

Koleo, kwa upande wake, lina mvuto mkubwa kuliko faida yake katika ukubwa huu. Nguvu ya koleo hutokana na uwiano kati ya urefu wa mshikio na umbali wa mdomo kutoka kwenye egemeo, na mshikio wa sentimita sita hauwezi kutoa nguvu ya mshikio wa sentimita kumi na tano hata chuma kikiwa bora kiasi gani. Koleo la funguo hung'oa sindano iliyozama kwenye ngozi ya kiatu, hunyoosha pini ya plagi ndogo, hushika ndoana ya samaki na kuvuta waya mwembamba; halilegezi nati iliyoshika kutu, na anayelazimisha hupinda mdomo wake siku ya kwanza. Fundi wa simu, wa redio na wa vifaa vya umeme vidogo atalifurahia, lakini fundi wa namna hiyo huwa tayari na mkoba wa zana kamili karibu, na mtu asiye fundi hatalikumbuka ila mara mbili kwa mwaka. Kuna kasoro moja zaidi ya zana mseto ambayo haisemwi dukani: katika baadhi yake, Micra akiwamo, zana za ndani hazifikiki mpaka mwili wote ukunjuliwe kwanza, hivyo kufungua soda moja huwa kazi ya hatua tatu, wakati katika kisu cha kukunja kucha moja kwenye mfereji wa zana inatosha.

Suala la kufuli la bapa linahitaji maelezo kwa sababu linachanganya usalama na sheria. Visu vingi vya funguo havina kufuli; bapa hushikiliwa wazi na mkazo wa springi ya mgongoni tu, na likisukumwa kwa nguvu kutoka upande wa mgongo hujikunja. Kisu chenye kufuli kina kipande cha chuma kinachoingia nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi mpaka kiachiliwe kwa makusudi. Opinel, kisu cha Wafaransa wa Savoie kilichoanza mwaka 1890, kilipata pete yake ya kuzungusha ya kufungia bapa mwaka 1955, ingawa vile vidogo kabisa vya ukoo huo, vinavyotoshea funguo, havina pete hiyo. Asiye na kufuli anapaswa kujua jambo moja: kisu hiki hukata kwa kuvuta, hakidungi. Vidole vingi vinavyokatwa na visu vidogo hukatwa wakati ncha inapolazimishwa kutoboa plastiki ngumu, bapa likajikunja, na kidole cha shahada kikawa njiani. Kwa kazi za chombo hiki, kukosa kufuli si hasara kubwa, na mbele ya sheria za nchi kadhaa ni faida.

Chuma chenyewe hakistahili kelele nyingi inayopigiwa. Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na bapa za Victorinox hufika takriban 56, kiwango cha wastani ambacho maana yake ni kwamba makali hupotea mapema kidogo kuliko ya vyuma vigumu vya bei kubwa, lakini pia hurudishwa kwa dakika chache kwenye kinoo, au, kinoo kikikosekana, kwenye duara la udongo usiopakwa rangi lililo chini ya kikombe cha chai. Kwa chombo kidogo ambacho mwenyewe hatakipeleka kwa mnoaji, chuma kinachonoleka kwa kikombe kina thamani kuliko chuma kinachodumu miezi mitatu kisha kikahitaji almasi. Yanayohitaji uangalifu zaidi ni kutu na springi. Neno la kwamba chuma hakipati kutu lisichukuliwe kama kiapo: chuma cha namna hii kina kromiamu ya kutosha kujifunika kwa utando mwembamba usioshambuliwa na hewa, lakini chumvi huuvunja utando huo, na katika Mombasa, Zanzibar, Lamu au Muscat, ambako upepo wenyewe una chumvi na mfuko wa suruali una jasho, madoa ya kahawia hutokea kwanza ndani ya viungo, mahali jicho lisipofika. Kuosha kwa maji baridi, kukausha na kutia tone la mafuta ya cherehani kila mwezi kunatosha. Mafuta ya nazi, ambayo yako karibu kila jikoni la pwani, hayafai, maana huganda hewa ikipoa na yakikaa sana hunata. Springi ndogo ya mkasi ndiyo sehemu inayovunjika mapema kuliko zote, na kabla ya kununua ni vizuri kuuliza kama hupatikana peke yake.

Sheria ndiyo eneo ambalo uzembe huwa ghali. Uingereza, ambako kuna Waswahili wengi walioishi miaka mingi, Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988 humruhusu mtu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62, na mahakama iliamua mwaka 1993 kwamba kisu kinachojifunga kwa kufuli hakihesabiwi kuwa cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo, hata kiwe kifupi namna gani. Japani huweka mpaka kwenye sentimita sita, na hata chini ya hapo mtu huweza kuulizwa sababu. Katika Kenya na Tanzania, Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili zinakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kijisu chenye mkasi kikiwa kwenye funguo za nyumba hakifanani na silaha, lakini kikitolewa katikati ya ugomvi wa kituo cha daladala jina lake hubadilika papo hapo, na anayelibadilisha ni mwenyewe. Kwenye milango ya maduka makubwa ya Nairobi, ambako ukaguzi ulikazwa baada ya shambulio la Westgate la 2013, chombo chekundu chenye mkasi hupita kwa urahisi zaidi kuliko kile cheusi kilichochongwa kufanana na zana ya vita, na rangi, ambayo ingedhaniwa kuwa pambo, hugeuka kuwa kigezo.

Uwanja wa ndege una mantiki yake peke yake. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza kwenye chumba cha abiria visu vyenye bapa linalozidi sentimita sita, na kwa maandishi hayo kisu cha milimita 58 hakimo katika katazo. Marekani, mamlaka ya usalama wa usafiri ilitangaza Machi 2013 kwamba visu vidogo visivyofungika, vya chini ya kiasi hicho hicho, vitaruhusiwa, wahudumu wa ndege wakapinga vikali, na Juni mwaka huo huo mpango ukafutwa kabla haujaanza. Mkasi ambao makali yake hayazidi inchi nne kutoka kwenye egemeo ulibaki halali, jambo lililomwacha abiria na mkasi mrefu mkononi na kisu kifupi pipani. Msafiri anayeunganisha ndege hukaguliwa zaidi ya mara moja, na afisa wa kituo cha pili hafungwi na ukarimu wa kituo cha kwanza, kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam au Nairobi asitegemee kanuni ya Ulaya hata kidogo. Kuna zana zilizotengenezwa bila bapa kwa ajili ya wasafiri, kama Style PS ya Leatherman yenye koleo na mkasi, nazo hupunguza hatari bila kuifuta, kwa kuwa mkaguzi huona umbo kwenye mashine kabla hajaona ukosefu wa bapa.

Kuhusu ununuzi wenyewe machache yanatosha, maana soko limejaa miigo na mwigo mzuri kwa nje ni rahisi kutengeneza. Jina la kiwanda linapaswa kuwa limegongwa kwenye shina la bapa, wala lisiwe limechapwa kwenye mpini tu. Kikiinuliwa kwenye mwanga, mianya kati ya springi na kuta za mpini isiruhusu nuru kupenya. Kila zana ifunguke na kufungwa kwa mlio mkavu, isiyumbe kushoto na kulia. Mkasi ujaribiwe kwa uzi mmoja uliochomoza kwenye ukingo wa khanga na kwa karatasi laini ya msalani: ukiutafuna uzi badala ya kuukata, au ukiikunja karatasi kati ya makali, hakuna kunoa kutakakousaidia, kwa sababu kosa liko kwenye pini na si kwenye makali.

Kwa mwalimu, karani, mwanafunzi, mama wa watoto wadogo na msafiri wa mabasi, kisu cha milimita 58 chenye mkasi kinatosha, na anayekunywa soda ya chupa aongeze gramu tisa achukue chenye opena. Micra ni ya mtu ambaye mkasi ni kazi yake, fundi cherehani kwa mfano, au muuguzi. Koleo ni la fundi, na fundi aliweke mfukoni au kwenye mkoba, mbali na ufunguo wa gari. Kabla ya kwenda dukani, kila mmoja wao aweke funguo zake kwenye mizani ya jikoni. Zikizidi gramu 100, cha kuondoa kwanza ni ule ufunguo mmoja au miwili ambayo kufuli zake hazikumbukwi tena.